Wimbo wa Ng'ombe Mzee

Kuna watu hapa Karatina mpaka leo wakipita mbele ya bucha yangu wanasema "muu" halafu wanaendelea na safari yao, na kosa ni langu, kwa hivyo wacha niwaambie mwenyewe vile ilikuwa, maana hao wengine wanaongeza chumvi.

Niko na watoto wawili, Wambui wa miaka mitano na Kamau ambaye hajafikisha mitatu, na jioni nikifunga bucha, mama yao akiwa bado anapika, sisi hupiga muziki. Si muziki wa maana. Kamau anapiga sufuria kwa mwiko (sufuria zetu zote zimebonyea), mimi natikisa mkebe wa maharagwe, na Wambui ndiye mwimbaji. Na huyo mtoto anaimba, sauti safi, kila neno mahali pake. Shida ni kwamba akishatoka nje ya mlango wetu alikuwa anafunga mdomo. Huko chekechea alikuwa anamaliza muhula wa pili bila kutamka neno hata moja, akitaka kwenda choo anavuta sketi ya mwalimu, na watu walikuwa wameanza kuniuliza polepole kama mtoto alizaliwa hivyo.

Siku ya wazazi ilipokaribia, mwalimu wake, Mwalimu Ruth, akaniambia, "Baba Wambui, kila mtoto atafanya kitu mbele ya wageni. Wambui tutampatia ua ashike tu."

Hayo maneno ya "ashike tu" yaliniuma sana. Nikamwambia hapana, mimi na yeye tutaimba wimbo wetu wa ng'ombe.

Huo wimbo tuliutunga nyumbani. Wambui anaimba mstari, mimi naitikia "muu". Ubeti wa kwanza ng'ombe anaenda mtoni, wa pili anakula majani, na nilikuwa nimemwambia Wambui hizo mbili zinatosha. Nilimwambia hivyo kwa sababu kuna wa tatu, niliotunga ile wiki niliuza ng'ombe mmoja mzee (mmoja tu, jameni) ambaye wateja walimtafuna mpaka wakanuna.

Siku ikafika. Nilivaa suti ya harusi yangu. Uwanja ulijaa, na nusu ya waliokaa hapo ni wateja wangu, na mstari wa mbele kabisa ni Cucu Muthoni, nyanya wa mtaa wetu, ambaye amenunua nyama kwangu kila Jumamosi tangu nifungue. Tukasimama mbele. Wambui akashika kidole changu, akatazama viatu vyake. Watu wakangoja. Nikaona Mwalimu Ruth ameanza kuja na lile ua, basi nikatoa "muu" moja, peke yake, mwanamume mzima ndani ya suti. Watu wakacheka, na Wambui akainua kichwa akaanza kuimba.

Akaimba mtoni. Muu. Akaimba majani. Muu. Sauti ilifika hata kwa wale waliosimama nje ya uzio wa shule, na mimi nikasahau kwamba niko mbele ya watu. Alipomaliza ubeti wa pili nikamfinya kidole ili tuinamishe vichwa tuondoke. Yeye akaelewa ati nasema aendelee.

"Ng'ombe wetu amezeeka, meno yote yameanguka."

Ningeweza kumziba mdomo. Mkono ulianza hata kuinuka. Lakini nikamtazama, alikuwa anatabasamu na hao watu wote mbele yake, na nikajua nikimnyamazisha leo sitamsikia tena hapa. Nikasema muu.

"Baba atamkatakata, aseme huyu ni ndama."

Muu (hiyo ya mwisho ilitoka nyembamba kidogo).

Wateja wangu wakatazamana. Kisha Cucu Muthoni akasema bila haraka, "Nilidhani ni meno yangu ndiyo mbaya, kumbe." Na hapo kicheko kikapasuka, mwalimu mkuu akaweka kichwa mezani, na Mwalimu Ruth alikuwa analia kabisa, lile ua akijifutia nalo macho.

Jumatatu nilienda kwa Cucu na kilo mbili za nyama laini na kuomba msamaha. Akapokea, akaniambia, "Ng'ombe mzee usiniletee tena. Lakini mtoto mlete aniimbie."

Tangu siku hiyo nimeapa mambo ya kazi hayaingii kwa nyimbo za watoto, sasa tunaimba juu ya sabuni na mvua. Na juzi Mwalimu Ruth aliniita shuleni akanieleza kwamba amelazimika kumhamisha Wambui dawati kwa sababu anaongea sana darasani na kusumbua wenzake. Nikakunja uso, nikasema nitazungumza naye. Halafu nikarudi bucha, na kila mteja aliyeingia siku hiyo nilimweleza hiyo kesi, hata wale ambao hawakuuliza.