Mama Mkwe na Airisi Zangu

Leo nimejificha nyumbani kwangu mwenyewe, hapahapa Tunduma, kwa sababu mama mkwe ana jembe.

Mnayajua maua yangu ya airisi pale mlangoni? Yale mnayoyaita nyasi!

Miaka miwili nayamwagilia. Masika kijani, kiangazi kijani, ua hakuna.

Leo asubuhi limechanua la kwanza. Jeupe, katikati zambarau. Na likichanua ni siku moja tu, limekwisha.

Nachukua simu nilipige picha, nachungulia dirishani: mama mkwe, aliyekuja juzi kututembelea kutoka Itumba, kainama palepale. Anang'oa!

Sasa, kwao mkwe wa kiume hamsogelei mama mkwe, sembuse kumfokea. Tena nilikuwa na bukta. Wewe ungetoka?

Nikampigia mke wangu sokoni.

"Mwambie mama aache!"

"Nimwambieje? Si anakusaidia kupalilia?"

Nikabaki nyuma ya pazia, nahesabu mashimo.

Saa nane mama anaaga. Mke wangu, keshafika, ananiletea salamu zake:

"Mama anashukuru. Anasema haya maua hayakauki hata kiangazi, anakwenda kuyapanda kwake."

Kumbe alijua ni maua! Mizizi yote kaifunga kwenye kitenge kilicholoweshwa maji, kaitia mfukoni.

Na mfuko nimeubeba mimi hadi stendi, hatua kumi nyuma yake, kwa heshima.

Lile ua kalichomeka kwenye kilemba. Limenipungia mpaka gari likaondoka.