Kiatu cha shefu kimebaki ndani ya mbolea

Leo shefu wa ofisi ya mazingira ametoka kwetu Kasongo na kiatu kimoja.

Sikieni.

Pale kwenye takataka sisi wamama tunaozesha maganda, tunapata mbolea ya mashamba. Mwenye mashine ya kukamua mawese anakuja kumwanga hapo maji yake machafu. Mboga zetu za lengalenga zinakauka. Tumelalamika mpaka tumechoka.

Asubuhi shefu amefika na motari wa pikipiki, viatu vinang'aa. Hakushika hata kijiti cha kuchokora. Akasema: "Wamama, haya ni maji ya chakula tu. Hayana ubaya."

Kisha akapanda juu ya lundo tumupige foto.

Jamani! Juu iko kavu, chini iko uji wa mawese. Akazama mpaka kwenye goti!

Tukamuvuta. Mguu ukatoka, kiatu kikabaki.

Akaomba maji ya kunawa. Mwenzetu Mama Zaina akamuletea bidoni ya maji yale ya mwenye mashine: "Nawa, shefu. Ni maji ya chakula."

Akakataa! Motari naye akakataa kumubeba. Amepita katikati ya soko mguu mutupu, nzi nyuma.

Kile kiatu ndiyo kontrole ya kwanza ya serikali kufika kukagua chini kule.

Na ninyi wenzetu wa Kabambare, shefu wenu anavaa kiatu namba gani?