Mawe ya Mama Angalia

Ukifika Nyakabere ukauliza nyumba ya Gloriose, mke wa Gratien, watu watatazamana kwanza. Halafu mmoja atapiga kofi, "Aa, Mama Angalia!" na watoto watagombania kukupeleka. Jina hilo hakupewa kwa heshima, alilipata kwa mdomo wake. Angalia jua, angalia moto, angalia gari, angalia huyo mutoto anakunywa maji gani! Ukipita na baiskeli mbele ya uwanja wake, utaambiwa breki zako zinalia. Ukijilaza mchana ndani ya nyumba ya bati, atakuja kukutoa. Watu walimcheka, lakini kwa mgongo, maana wote walijua mdomo ule aliutoa wapi.

Alizaliwa Katogota, akaolewa Nyakabere angali msichana mbichi, akazaa watoto watatu. Wa kwanza, Niyonsaba, alikuwa na homa kidogo, homa ya kawaida tu, mama yake akamfunga mgongoni akaenda naye shambani katikati ya kiangazi. Na kiangazi cha bonde la Ruzizi si mchezo. Jua linashuka mpaka kwenye mboni ya jicho, na upepo ukija unakuja na vumbi la moto. Gloriose alipalilia, mtoto akanyamaza, yeye akashukuru kwamba amelala. Alipofungua kitenge mtoto alikuwa amekauka kama jani. Wa pili, Frédéric, alikuwa na akili nyepesi na miguu myepesi. Huyo alichukuliwa na lori kwenye barabara kubwa, saa sita ya mchana, akigeuza mihogo ya mama yake.

Hapa lazima tueleze mambo ya mihogo, kwa sababu mtu wa mbali atasema hawa watu wana wazimu, kuanika chakula barabarani! Haya, njoo wewe uanike chini. Udongo wa pale ni mchanga, na unga wenye mchanga hakuna anayeununua. Ukianika kwenye mkeka mbuzi wa jirani anakuja na watoto wake wote. Lakini lami, ile wanayoiita kaburimbo, inawaka jua tangu asubuhi, na mihogo uliyoiloweka ikilala juu yake inakauka haraka, inakuwa myeupe kabisa. Basi kiangazi kikifika kila mwanamke anachukua ukingo wake wa barabara. Ili magari yasiikanyage mihogo, anapanga mawe upande wa katikati. Jioni anazoa mihogo, mawe anayaacha. Yale mawe ndiyo kiti chake. Ukiyaondoa, kesho unakuta mihogo ya mwingine, na hapo matusi yanaanza mapema.

Baada ya Frédéric, Gloriose aliapa hatarudi barabarani. Kiapo hicho kilidumu mpaka njaa ilipopiga hodi. Akarudi, lakini kwa masharti yake: mtoto yeyote asiguse mihogo ile, yeye peke yake atageuza, na mawe yake yatakuwa makubwa kuliko ya wote. "Haya mawe yenu ni ya kuchezea," aliwaambia wenzake. "Dereva anayaona kama punje za mahindi. Weka jiwe ambalo na yeye ataliogopa!" Walimwitikia, wakaendelea na ya kwao madogo.

Alibaki na Belyse, wa tatu. Roho yake yote ilikuwa pale, haikuwa na pengine pa kwenda. Belyse aliolewa Uvira mjini, kwenye mtaa, kartie ya Rugenge, na fundi seremala mmoja mpole, Jean-Marie. Binti alikuwa na utani mwingi, lakini uoga wa mama yake alikuwa ameurithi, hata kama hakukubali. Alipokuja kutembea mwanzo wa kiangazi alisimama jikoni akakunja uso. Jiko lilikuwa la mafiga, yale mawe matatu ya kuinjikia sufuria, na juu yake paa la nyasi kavu, na upepo wa mchana ukirusha cheche.

"Mama, weye unachunga kijiji kizima, na hii moto je? Siku moja nitapigiwa simu kwamba mumeungua."

Safari iliyofuata alileta mbabula mpya, jiko la makaa lenye mfuniko na miguu, na tangu hapo kila mwezi alituma gunia la makaa kwa gari. Gloriose alijisikia malkia. Alifagia majivu, akayatoa yale mafiga matatu yaliyokuwa pale tangu siku alipoingia kama bibi harusi, meusi tii kwa masizi. Gratien alitaka kuyatupa nyuma ya choo.

"Kutupa? Yoo, baba Belyse! Jiwe kubwa hivi unatupa?"

Akayasukuma mwenyewe, moja baada ya jingine, mpaka barabarani, akayapanga mbele ya mihogo yake. Alirudi nyuma akayatazama na kufurahi. Hapo sasa hata lori litapunguza mwendo.

Mimba ya Belyse ilipokuwa imekua, joto la Rugenge likamshinda. Chumba chao kilikuwa kimoja, bati liko chini, dirisha linaangalia ukuta wa jirani. Mchana hakuna anayekaa mle, usiku ukuta unatoa joto uliolilimbikiza. Alivimba miguu, akawa anatapika maji. Gloriose alikuwa na jambo moja tu kichwani: mtoto huyu azaliwe kwake, chini ya kivuli chake, mahali atakapomwona kwa macho yake. Jean-Marie hakubisha. Wakamtafuta motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, kijana anayeitwa Pitchou, mtaratibu, ambaye hakuwa na sifa ya kunywa.

Siku ya safari Belyse alipiga simu asubuhi. "Mama, Pitchou iko tayari. Tunatoka sasa hivi, saa sita tutakuwa hapo."

"Saa sita?" Gloriose alikaribia kuiangusha simu. "Saa sita na tumbo hilo? Unataka mupira ya pikipiki upasuke kwa joto, ao weye mwenyewe uanguke na kizunguzungu? Hapana. Ngoja jua ilale kidogo. Tokeni saa tisa."

"Mama, mchana barabara iko na watu, ni vizuri zaidi."

"Belyse! Nilimubeba Niyonsaba mchana. Frédéric alikufa mchana. Weye hutapita mchana."

Belyse akacheka kile kicheko chake cha puani. "Sawa, Mama Angalia. Saa tisa. Na nitakunywa maji, usiniambie."

Gloriose alifurahi mpaka akaimba. Alizoa mihogo mapema kuliko siku zote, akaipeleka ndani, akachinja kuku, akafunika kitanda chandarua kipya. Mawe aliyaacha palepale. Angeyaondoa kwa nini? Kesho kiti chake kingechukuliwa, na sasa alikuwa na mjukuu njiani anayetaka uji. Sidonie, jirani yake wa upande wa kulia, naye aliacha ya kwake, na yule wa mbele, na yule wa nyuma yake, kama walivyofanya tangu barabara ile iwekwe lami.

Saa tisa walitoka mjini. Lakini kwenye bariyeri moja walizuiwa na watu wenye bunduki, kama watu wanavyozuiwa siku hizi bila kuambiwa sababu. Belyse alipiga simu, "Mama, tumeketishwa chini ya mti, usijali." Gloriose alijali. Alitoka nje, akarudi ndani, akatoka tena. Jua lilianza kuingia nyuma ya milima na kuku ameiva. Simu ikalia mara ya mwisho: wameachiwa, wanakuja. Akamshukuru Mungu kwa sauti, akaongeza makaa kwenye mbabula.

Wakati ule wa magharibi, barabara ya kule ni mbaya. Si mchana wala usiku. Lami na udongo vinakuwa rangi moja, na malori yanayokimbilia mjini kabla ya giza yanawasha taa zote, yanakupofusha. Gloriose alisikia lori likipita kwa kishindo. Halafu akasikia pikipiki ikilia vibaya, kama kitu kinachoburutwa. Halafu watu wakapiga kelele.

Alikimbia na mwiko mkononi.

Belyse alikuwa amelala ubavu kwenye ukingo wa barabara, kitenge chake kimepanda, na Sidonie alikuwa tayari amepiga magoti akimfunika. Chupa ya maji ilikuwa imebingirika mpaka kwenye nyasi. Ilikuwa nusu; kweli alikuwa amekunywa. Gloriose alimshika kichwa, akamwita, Belyse, mama yangu, mwanangu, fungua macho, na Belyse alifungua macho, lakini hayakumtazama mtu. Gratien na vijana wakasimamisha gari, wakampakia. Hawakufika hospitali. Mtoto naye hakungoja, aliondoka na mama yake.

Pitchou alibaki kando ya barabara, mkono umevunjika. "Lori ilikuja na taa, mama," alisema, na alikuwa akimwambia kila anayepita, maana hakujua tena mama ni nani. "Nikasogea pembeni. Jiwe. Mengine meupe nilikuwa nayaona. Ile moja ilikuwa nyeusi. Sikuiona, walahi, ilikuwa nyeusi."

Pale Nyakabere mawe ya barabarani yote ni ya mtoni, meupe, ya kijivu. Meusi yalikuwa ya mtu mmoja.

Asubuhi barabara ilikuwa safi. Wanawake walikuwa wametoka kabla ya jua, kila mmoja amebeba mawe yake kimyakimya, hata asiyekuwa na hatia ameondoa ya kwake. Kama ungepita wakati ule ungesema kijiji hiki kina nidhamu, jamani!

Msiba ulijaa watu. Walikuja wa Katogota, walikuja wa Rugenge, Jean-Marie alikaa kwenye kona akiwa ameshika viatu vya mke wake na hakuna aliyeweza kumnyang'anya. Watu wengi namna ile huwezi kuwapikia kwenye mbabula ya sufuria moja. Wanaume walitengeneza jiko nyuma ya nyumba kwa sufuria kubwa ya parokia. Gloriose hakutoka chumbani mpaka siku ya maziko. Aliporudi kutoka makaburini aliomba maji ya kunawa, akazunguka nyuma ya nyumba, na hapo akayaona.

Yalikuwa matatu, yamesimama mahali pamoja kama zamani, na maharagwe ya waombolezaji yanachemka juu yake. Moja lilikuwa na kovu jeupe ambalo masizi hayajalifunika bado, na ndani ya kovu kulikuwa na mstari wa rangi nyekundu, nyekundu ya pikipiki.

"Nani ameleta haya mawe?"

Wanawake waliokuwa wakikoroga waliinamisha vichwa. Gratien alikuwa anapasua kuni. Aliweka shoka chini.

"Ni minye."

"Uliyatoa wapi?"

Gratien alimtazama mke wake. Alikuwa mtu wa maneno machache tangu ujana, na yale machache aliyachagua asimwumize mtu. "Nilitaka ukute barabara iko bure, bila jiwe," alisema. "Nikabeba usiku ule. Sikujua pa kuyaweka. Sufuria ikahitaji mawe."

Gloriose alifungua mdomo. Ule mdomo! Kijiji kizima kilingoja. Alimwona Sidonie amemwekea sahani ya maharagwe, akaipokea kwa mikono miwili kwa adabu, akaishika mpaka ikapoa.

Baadaye watu walitawanyika, kama wanavyotawanyika. Kiangazi hakikuondoka. Mihogo iliyokuwa imelowekwa ilianza kunuka, na mihogo ikinuka haingojei mtu amalize kulia. Sidonie alirudi barabarani wa kwanza, kwa aibu, na mawe madogo. Halafu mwingine. Kabla ya wiki kwisha ukingo wote ulikuwa mweupe tena. Gloriose alipita jioni moja akawaomba wayaondoe kabla ya giza. "Ndiyo, mama Belyse," walisema kwa huruma ya kweli, wakayaondoa siku hiyo, na siku iliyofuata. Kisha mtu alikuta mihogo ya mwingine kwenye kiti chake, matusi yakaanza, na mawe yakalala nje kama kawaida.

Yeye mwenyewe anaanika bila mawe. Anakaa ukingoni juu ya lami, mchana kweupe, kichwa wazi, magari yanampigia honi na kumzunguka. Watoto wanaokimbia barabarani wanapita mbele yake na hawaambiwi chochote. Gratien anakuja na mwavuli, anamwita aingie kivulini, jua iko kali, utaanguka. Anaitikia ndiyo, anabaki palepale.

Makaa ya mbabula yaliisha mwezi uleule. Hakuna wa kutuma mengine. Sasa jioni Gloriose anawasha kuni chini ya lile paa la nyasi, katikati ya mafiga matatu yaliyorudishwa pale, cheche zinaruka na upepo unavuma. Anainjika sufuria, anaigeuza kidogo ikae sawa juu ya lile lenye kovu. Gratien anasimama mlangoni na ndoo ya maji, kila jioni, mpaka moto uzimike.