Katibu wa Chemba na Fomu Tano

Katibu wa chemba yetu ya wafanyabiashara husoma sheria ndogo za halmashauri kwa rula, mstari kwa mstari, midomo ikimcheza. Miaka mitatu amewabembeleza madiwani wabakize fomu moja ya leseni kati ya tano, maana mafundi cherehani hufunga vibanda wiki nzima wakizungushwa ofisini. Jana kikaoni, mwenyekiti wa kamati ya madiwani ya leseni alimwambia, “Mama, fomu zenyewe mbona rahisi?”

Akamsogezea zote tano, na kalamu juu. “Basi nijazie, mheshimiwa. Leo mimi ni fundi wa vifungo.”

Mwenyekiti alikwama kwenye ya pili: ilidai namba inayotolewa na ya nne, nayo ya nne ilidai muhuri wa ya pili. Alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaitisha kura ya kubakiza fomu moja. Mikono yote ilinyanyuka, wake ukitangulia.