Mke Wangu Usukanini

Niliendesha basi mjini Birmingham kwa miaka kumi na minne, na katika muda huo wote nilivunja kioo kimoja tu cha pembeni, cha gari lililoegeshwa vibaya kule Selly Oak. Mwenyewe alikuwa mwanafunzi. Alitoka nje amejifunga taulo akaniomba msamaha kabla sijafungua mdomo. Nasema haya ili ijulikane kwamba sikuwa mtu wa fujo barabarani. Mtu anayesimama kila baada ya mita mia tatu hapati nafasi ya kuwa na fujo.

Labda ndiyo sababu nilinunua lile gari. Lilikuwa la Kijapani, jekundu, viti viwili, paa la chuma, lenye umri wa kutosha kupiga kura. Mke wangu alitoka kazini, hospitalini Edgbaston, akalikuta limesimama mbele ya nyumba yetu Perry Barr. Alilizunguka mara moja akiwa bado na koti lake la kazi.

"Mboga zinakaa wapi?" akauliza.

"Kwenye buti."

Akafungua buti, akatazama ndani, akalifunga taratibu kama mtu anayefunika maiti. Ni muuguzi, kwa hiyo anajua kufunika.

Nilikuwa na mpango. Kuna viwanja vya mbio za magari ambavyo siku fulani hufungua milango kwa watu wa kawaida. Ukiwa na leseni, helmeti na gari lenye breki, unaruhusiwa kuingia na gari lako la barabarani na kulikimbiza. Hakuna mashindano, hakuna kikombe. Unazunguka tu. Niliandikisha jina langu kwa siku moja ya mwezi wa tisa, kwenye uwanja uliokuwa zamani kiwanja cha ndege za kivita, mwendo wa saa moja na zaidi kutoka kwetu.

Mwezi wa sita, nikiwa jikoni nasonga ugali, nilianguka. Mimi sikumbuki kuanguka. Nakumbuka nikiwa sakafuni na mke wangu amepiga magoti kando yangu, ameshika taya langu, ananiuliza leo ni siku gani. Nilimwambia Jumanne. Ilikuwa Jumamosi. Ugali uliungua.

Walinipima kichwa kwa mashine za kila aina wasione kitu. Daktari, mwanamke mpole mwenye miwani, aliniambia kwamba ile ilikuwa degedege, kwamba inaweza isirudi tena, na kwamba sitaendesha gari dogo kwa miezi sita. Nikamuuliza kuhusu basi. Akavua miwani. Daktari akivua miwani ujue jibu ni refu.

"Basi ni miaka mitano," akasema.

Nilikuwa na miaka hamsini na sita. Nikapiga hesabu, nikamshukuru. Kazini walinihamishia kwenye chumba cha vitu vilivyosahaulika. Nilikaa huko na miavuli, viatu vya mguu mmoja na, wiki ya kwanza tu, seti nzima ya meno.

Siku moja, tukila, nilimwambia mke wangu kwamba nitawaandikia watu wa uwanjani nifute jina langu. Alitafuna hadi akamaliza.

"Wanakutaka wewe, au wanataka mtu mwenye leseni?"

"Wanataka mtu mwenye leseni."

"Mimi ninayo."

Hapa lazima nieleze jinsi mke wangu anavyoendesha. Kwenye barabara kuu hukaa njia ya kushoto, nyuma ya lori, kwa sababu anasema lori linajua linakokwenda. Huwasha taa ya kugeuka akiwa peke yake kwenye maegesho. Watoto wetu, ambao wote wameshahama, waliwahi kuteremka wakatembea kwa miguu kwenda kanisani na wakatutangulia.

"Unajua kinachofanyika kule?" nikamuuliza.

"Watu wanazunguka."

"Kwa kasi."

"Na wewe utakaa kando yangu uniambie lini nikanyage breki. Si ndivyo unavyofanya kila siku?"

Alimuuliza daktari kama naruhusiwa kukaa kiti cha abiria. Daktari alisema abiria anaweza kukaa popote. Basi ikabaki kutayarisha gari.

Kanisani kwetu kuna fundi, Mkongo wa Bukavu, mwimbaji wa sauti ya nne. Ana karakana yake nyuma ya duka la mazulia. Alizaliwa miaka kumi na mbili baada yangu lakini huniita Papa na kumwita mke wangu Maman, na sote wawili hutusikitikia kidogo. Alipandisha gari juu, akafungua kikopo cha mafuta ya breki, akachovya kijiti.

"Papa, hii huile ya frein iko nyeusi sana."

Nikamwambia breki zinashika vizuri, nilizijaribu mwenyewe kabla leseni haijachukuliwa.

"Barabarani, ndiyo," akasema. "Kule utakanyaga, utakanyaga, utakanyaga. Hii inapata moto, inachemuka. Ikichemuka, pédale inaenda chini mupaka kwa sakafu. Utaita Yesu, na Yesu atakuja, lakini gari haitasimama."

Tukabadilisha mafuta ya breki. Alikaa chini ya gari na mpira na chupa, nami nikakaa kwenye kiti cha dereva nikikanyaga na kuachia kila aliposema. Ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza usukanini tangu mwezi wa sita. Gari lilikuwa hewani na magurudumu yametolewa, kwa hiyo sikuvunja sheria. Nilikanyaga mara nyingi kuliko alivyosema. Alijua, akaendelea kushika chupa yake.

Tukaweka pedi mpya. Tukabadilisha oili ya injini, tukakaza betri, tukakaza kila nati ya gurudumu kwa spana maalumu inayolia inapofika kipimo. Fundi alikuwa ameridhika na tairi za zamani hadi alipouliza ni nani hasa ataendesha.

"Mke wangu."

Akazipiga zile tairi teke dogo, moja baada ya nyingine, zote nne.

"Tunabadirisha pneu pia," akasema.

Kilichotushinda kilikuwa helmeti. Mke wangu alikuwa amesukwa nywele kwa ajili ya harusi ya binti wa mwenzake, misuko mirefu, kazi ya saa sita kwenye kiti cha plastiki. Dukani helmeti ya kumtosha haikupita misuko. Iliyopita misuko ilikuwa kubwa hivi kwamba alipotikisa kichwa, uso wake ulibaki ukitazama mbele na helmeti ikatazama kushoto. Muuzaji alisema helmeti isiyobana ni sufuria tu. Tulirudi nyumbani bila kununua. Nilijua mambo yameisha, nikaanza kutunga maneno ya kumwambia fundi.

Alasiri ile nilimkuta sebuleni, kitana mkononi, anafumua. Nusu ya kichwa ilikuwa imekwisha. Nikataka kusema kitu kizuri.

"Harusi je?"

"Nitavaa kilemba," akasema. "Keti hapa ufumue za nyuma."

Nilikaa nikafumua. Tulioana miaka ishirini na tisa iliyopita na sikuwahi kufanya kazi hiyo. Naifanya vibaya. Hakulalamika ila mara mbili.

Siku yenyewe tuliondoka alfajiri, fundi akitufuata kwa gari lake la kazi, na mvua nyepesi. Uwanjani tulikuta watu wengi kuliko nilivyodhani, karibu wote wanaume, kila mmoja ameinama ndani ya boneti yake. Tulitoa kila kitu kisichofungwa: zulia za miguuni, mwavuli, Biblia ndogo, krimu ya mikono, mfuko wa njugu ambao mke wangu alisema si wake. Walipima kelele za gari letu kwa kifaa karibu na bomba la moshi. Mtu wa kifaa alikisogeza karibu zaidi, akakitazama tena, akauliza kama injini inawaka. Fundi aliona aibu.

Kisha wakatukusanya chumbani kutueleza sheria. Bendera nyekundu maana yake nini, ya njano maana yake nini. Usipite gari lingine kwenye kona. Mikono na miguu ifunikwe. Mke wangu aliandika yote kwenye kijitabu, yeye pekee mle chumbani akiwa na kalamu. Mwishoni aliuliza maswali manne. La mwisho lilikuwa kuhusu gari la wagonjwa linakaa upande gani na lina vifaa gani. Yule bwana alimjibu kwa heshima iliyoongezeka.

Mzunguko wa kwanza tulifuata gari la kutuongoza. Wa pili vilevile. Halafu wakatuachia.

"Sasa?" akauliza.

"Sasa kanyaga."

Akakanyaga. Sikutegemea. Injini ililia, mgongo wangu ukaingia kitini, na nikasema breki, akapiga breki, nikasema geuza, akageuza. Magari yalitupita kwa upande ulioruhusiwa na kila moja alilipungia mkono. Mzunguko wa nne nilianza kutokwa jasho. Wa tano mate yalijaa mdomoni. Nimeendesha abiria miaka kumi na minne nikiwasikia wakisema wanatapika, na siku zote nilidhani wanazidisha.

Nadhani ndiyo sababu nilichelewa kusema breki. Tuliingia kona ya tatu kwa kasi, lami bado ina maji, na nyuma ya gari ikaamua kutangulia. Niliona nyasi, kisha watu, kisha nyasi, kisha njia tuliyotoka. Gari likasimama kwenye majani, limeelekea nyuma. Injini ilikuwa imezimika.

Mke wangu alikuwa hatazami njia. Alikuwa amegeuka ananitazama mimi.

"Leo ni siku gani?" akaniuliza.

"Jumatano. Niko sawa. Washa taa za hatari."

Ilikuwa Jumatano kweli. Akawasha taa, akasubiri ishara ya mwenye bendera, akaliwasha gari, akarudi taratibu hadi kwenye maegesho. Pale nilifungua mlango nikatapika nyuma ya rundo la tairi. Fundi aliniletea maji na kusimama kwa namna ya kunificha na watu. Alitazama magurudumu, akachungulia chini, akatangaza kwamba gari halina kosa. Alisema kwa sauti ya kutosha ili nijue mwenye kosa ni nani.

"Basi, turudi nyumbani," nikasema.

Mke wangu alikuwa bado na helmeti kichwani.

"Wewe keti," akasema. Akaenda kuzungumza na mwalimu mmoja wa pale, mzee mwenye koti la rangi ya machungwa ambaye kazi yake ni kukaa kando ya wageni. Nikamwona yule mzee akitikisa kichwa kukubali. Nikamwona akiingia kwenye kiti changu.

Wakaondoka. Mimi na fundi tukasimama kwenye uzio.

Sijawahi kuliona gari langu likienda. Mwenye gari huwa halioni, yuko ndani. Lilitokea mbali, doa jekundu, likakua, likapita mbele yetu na sauti nyembamba, likaenda. Kila lilipopita lilikuwa na haraka zaidi kidogo. Halikuwa na kasi ya wale wengine, siwezi kudanganya, lakini lilipita palepale kila mara, kwenye mstari uleule, kama mtu anayeshona. Kona ya tatu ilipita bila neno. Mzunguko wa saba au wa nane alilipita gari moja. Lilikuwa la kijivu na nadhani lilikuwa na hitilafu, lakini alilipita.

"Maman!" fundi akapiga kelele, kwa ile sauti ya nne. "Maman, anamupita!"

Macho yangu yalilowa. Nilimwambia fundi ni upepo. Alisema ndiyo, upepo upo.

Njiani kurudi mke wangu alikaa njia ya kushoto, nyuma ya lori. Tukasimama kunywa chai kwenye kituo cha mapumziko. Alivua koti. Kwenye paji la uso alikuwa na alama nyekundu ya helmeti, na nywele zake zilikuwa zimelala upande mmoja.

"Naomba nikuambie kitu, usikasirike," akasema.

Nikamwambia aseme.

"Tangu siku ile ya jikoni nakuangalia. Ukinyamaza, nakuangalia. Ukilala naamka kuangalia mdomo wako. Ukiingia bafuni nasimama nje ya mlango. Hujui, lakini nasimama."

Nilikuwa najua. Bafu letu lina mlango wa kioo kizito, na kivuli chake kinaonekana.

"Leo na yule mzee," akaendelea, "nilikuwa na breki, kona, kioo, bendera. Dakika ishirini nzima sikukufikiria hata kidogo. Hata jina lako lisingenijia."

Akanitazama kuona nimelipokeaje.

Nilikunywa chai. Nilitafuta ndani yangu mahali penye kuumia nikakosa. Nilichokuta ni njaa tu, kwa sababu tumboni hapakuwa na kitu tangu kona ya tatu.

"Kuna siku nyingine mwezi wa kumi," nikamwambia. "Niliona tangazo mlangoni."

"Nimeshaandika jina," akasema. "Lako sikuandika. Utasimama kwenye uzio."

Akaenda kuniletea sandwichi ya mayai. Niliila yote. Kisha tukaenda kutafuta lori la kufuata.