Miaka Myepesi Mia Nne

Televisheni yetu ilikuwa na harufu yake. Ukiiwasha, kioo kilibaki cheusi kwa muda mrefu, kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi. Kisha vumbi lililokuwa limetanda juu ya vitaa vyake vya ndani lilianza kuungua taratibu, na chumba chote kikanuka mbao zilizopata moto na unywele ulioguswa na kaa. Harufu hiyo ilitangulia picha, na picha ilitangulia sauti, kwa hiyo sisi tuliokaa sakafuni tulijua kwa pua kwamba Alhamisi imefika kabla hatujaona wala kusikia kitu. Hadi leo nikipita mbele ya kibanda cha fundi wa redio pale Makadara harufu hiyo hunijia, nami husimama kidogo kama mtu aliyeitwa jina.

Televisheni hiyo Baba, aliyekuwa dereva, aliachiwa na mzungu aliyekuwa akimwendesha, siku mzungu huyo alipofunga virago na kurudi kwao. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, nikiwa na miaka kumi na mmoja, na katika safu yetu ya nyumba za halmashauri hakukuwa na nyingine. Kila Alhamisi saa moja jioni kituo kilionyesha mchezo wa Kiingereza kuhusu watu waliopotea angani ndani ya meli kubwa ya chuma, wakitafuta njia ya kurudi nyumbani. Majirani walikuja na viti vyao. Mama Njoki, aliyekuwa akiuza sukumawiki Muthurwa, alikuja na kigoda chake na sauti yake, na sijui kipi kilichukua nafasi kubwa zaidi.

Wengi wao hawakujua Kiingereza, kwa hiyo Baba alitafsiri. Alisimama kando ya kabati, mkono mmoja juu ya televisheni kana kwamba anaizuia isiondoke, akatuambia kila mtu amesema nini. Kiingereza chake kilikuwa cha kiti cha mbele: geuka hapa, simama, ningoje, fanya haraka, nipeleke nyumbani. Bahati nzuri watu wa angani nao walikuwa wasafiri, na maneno hayo yalimvusha dakika kumi za kwanza. Baada ya hapo aliendesha kwa kubahatisha, lakini kwa ujasiri wa mtu ambaye hajawahi kugonga.

Mwaka huo Susu alikuwa kwetu. Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya, na huyu alikuwa mama mzazi wa Baba. Mimi nimepewa jina lake, na kwa desturi yetu jina halitembei peke yake. Baba alimwita Mwaitu, yaani mama yangu, na mimi pia aliniita Mwaitu. Akiita kutoka mlangoni tuliitika wawili, mmoja mzee na mmoja mwenye viatu vya shule, naye alicheka kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza.

Susu aliletwa mjini kwa sababu ya presha ya macho. Daktari alisema jicho moja limekwisha na la pili linakwisha. Alitaka Susu atiwe dawa ya matone kila siku na apimwe kila Alhamisi kwa wiki kumi na mbili, na baada ya hapo ndipo angeamua kama atampasua. Susu akikatiza, daktari alimwambia Baba, asahau upasuaji. Susu hakutaka. Alilalamika kwamba dawa inamwasha, kwamba nyumba ya mjini haina mahali pa kutema mate, na kwamba kuku wake wanaibwa na mtu anayemjua kwa jina. Kila Ijumaa alikunja leso zake na kuziingiza ndani ya kiondo. Kila Ijumaa Baba alimwambia, "Mwaitu, utaondoka kabla ya kujua kama wale watu wamefika?" Naye alizitoa tena, moja moja, akinung'unika.

Maana Susu aliwapenda wale watu wa meli. Aliketi karibu kabisa na kioo, kichwa ameinamisha upande, kwa kuwa pembe ya jicho ndiyo iliyokuwa bado inaona kidogo, na mengine yote aliyapata kutoka kinywani mwa mwanawe. Wiki ya kwanza kapteni aliangalia ramani yake ya nyota akasema jambo kwa huzuni. Baba alitikisa kichwa.

"Anasema nyumbani ni mbali. Ni miaka myepesi mia nne."

"Miaka myepesi ni miaka gani?" Susu akauliza.

Baba hakusita hata kidogo. "Ni miaka isiyo na shida, Mwaitu. Mvua inanyesha kwa wakati wake, ng'ombe hawafi. Mtu akisafiri katika miaka kama hiyo haoni urefu wa njia."

Susu alifikiri. Nadhani alikuwa akitafuta miaka ya namna hiyo katika maisha yake, na kwa jinsi alivyokunja vidole, haikumaliza mkono mmoja. "Basi watafika," akasema. "Miaka kama hiyo haikai. Nitangoja niwaone wakifika, halafu mnirudishe kwangu."

Mimi nilikuwa na ugonjwa wangu, nao haujapona. Siwezi kuachia jambo lipite kama halishikani na lililotangulia. Nyuma ya daftari langu la hesabu niliandika makosa ya mchezo ule. Meli haikuwahi kutia mafuta. Vyombo vidogo viwili vililipuliwa kila wiki, na wiki iliyofuata vilikuwa vimepangwa pale pale, vinang'aa. Dirisha lilipovunjika mara ya kwanza hewa yote ilitoka na watu watatu wakavutwa nje, lakini lilipovunjika mara ya pili afisa mmoja aliliziba kwa sinia. Kila sayari waliyoshuka, hata ile ya watu wenye magamba, ilizungumza Kiingereza. Na yule dada mwenye kovu shavuni alikufa wiki ya tatu, akazikwa kwa heshima, na wiki ya tano alikuwa jikoni mwa meli akinywa kitu.

Niliuliza mbele ya watu wote, na Baba alijibu yote. Mafuta? Wana tangi la akiba kubwa kuliko mtaa huu. Vyombo? Nyuma ya meli kuna gereji, ila mafundi hawaonyeshwi kwa sababu ni wachafu. Kiingereza? "Mnafikiri wakoloni walikuja kwetu peke yetu?" Watu walicheka, wakaridhika. Kuhusu yule dada alisema ni pacha wake.

"Pacha?" Mama Njoki akadakia. "Dereva, hata kovu nalo lilizaliwa pacha?"

"Mama Njoki, wewe tazama. Ukitaka kuendesha nitakupa usukani."

Wiki ya nane mwalimu wetu wa sayansi alitufundisha habari za mwanga. Alituambia kwamba mwanga husafiri, na kwamba nyota ziko mbali mno hata haziwezi kupimwa kwa maili, kwa hiyo wataalamu huuchukua mwendo wa mwanga kwa mwaka mzima wakaufanya kipimo kimoja. Aliandika jina la kipimo hicho ubaoni kwa Kiingereza, nami nikalitambua. Lilikuwa ni neno la kapteni. Kiingereza kina neno moja tu kwa mwanga na kwa wepesi, na Baba alikuwa ameokota lile la pili. Sikulifikiria kuwa siri. Nililibeba njia nzima hadi nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Ilikuwa Alhamisi. Susu alikuwa ametoka hospitalini, jicho jekundu, leso kichwani. Harufu ikaja, picha ikaja, sauti ikaja. Kapteni akalisema neno lile, na Baba akasema, "Bado wako mbali, miaka myepesi mia nne."

"Si myepesi, Baba," nikasema. "Ni ya mwanga. Ni mbali kiasi ambacho mwanga wenyewe ungekimbia mwaka mzima bila kupumzika. Mwalimu ametuambia leo."

Mama Njoki akapiga paja lake. "Dereva! Kumbe wiki nane unatupeleka njia siyo!" Chumba kizima kikaangua kicheko. Hakikuwa kicheko kibaya, nikikumbuka vizuri, kilikuwa cha majirani. Baba pia alijaribu kucheka. Mkono wake uliondoka juu ya televisheni.

Susu hakucheka. Alinigeukia kwa upande, kwa ile pembe ya jicho. "Mumbua, huo mwanga ukikimbia siku moja tu, unafika wapi?"

Nilimwambia unapita jua na nyota zote tunazozitaja kwa majina, jambo ambalo hata si kweli, lakini nilikuwa nimelewa kujua.

"Na hao wamebakiza mia nne."

"Mia nne, Susu."

"Basi hawafiki."

"Hawawezi," nikasema. "Watakufa wote kwanza. Hata watoto wao watakufa."

Nilisema kwa fahari. Ninaikumbuka fahari hiyo mwilini, ilivyonipanda kifuani. Nilikuwa nimepata jibu, na jibu lilikuwa sahihi, na hakuna mtu mle ndani aliyeweza kulipinga. Mama alinitazama kutoka mlango wa jikoni akiwa na mwiko mkononi. Kwenye kioo mtu alikuwa akipiga kelele, na jirani mmoja akauliza, "Anasema nini huyo?"

"Muulizeni aliyesoma," Baba akajibu, akakaa.

Hakuna aliyeniuliza. Tulimaliza dakika zilizobaki tukitazama midomo ikifunguka na kufungwa.

Ijumaa Susu alikunja leso zake kama kawaida, lakini safari hii Baba hakumuuliza kuhusu wale watu. Alimwambia habari za daktari, zikapita. Akamwambia zimebaki wiki nne tu, zikapita pia. "Ulinishika hapa kwa watu wasiofika," Susu alimwambia, bila ukali. Nilimshika Susu mkono nikamwambia kwamba nimekosea, kwamba mwalimu alikosea, kwamba miaka ile ni myepesi kweli. Alinipapasa uso kwa kiganja, polepole, kama mtu anayejifunza njia atakayoipita gizani.

"Hukukosea," akasema. "Ulisema kama mtu anayejua."

Baba alimpeleka stendi Jumamosi asubuhi. Alimtafutia kiti cha mbele na kumfungia chupa ya dawa katika ncha ya leso. Tulipokwenda kijijini kwa Krismasi tuliikuta chupa ile juu ya kenchi, haijafunguliwa, na Susu akatutambua kwa sauti ya miguu yetu. Aliniuliza kama wale watu walifika. Kituo kilikuwa kimekatiza mchezo ule bila maelezo, na mahali pake sasa kulikuwa na kipindi cha kilimo. Ningeweza kusema chochote. Nikasema, "Sijui, Susu. Waliacha kuonyesha."

"Aa," akasema.

Nimesoma tangu hapo, hata chuo kikuu, mahali ambapo nililipiwa ada na serikali ili niulize maswali yale yale yaliyonifukuzia nyanya. Nimejiuliza kama dawa ingemsaidia. Daktari mmoja kijana aliniambia kwamba huenda isingesaidia, mwingine akaniambia kwamba huenda ingesaidia. Nimejiuliza pia kama mtoto wa miaka kumi na mmoja aweza kulaumiwa kwa kusema kweli, na kila mtu niliyemuuliza alijibu hapana upesi mno. Nimeelewa tu kwa nini yule dada alifufuka: kituo kilionyesha kanda bila kufuata mpangilio. Hilo ndilo jibu pekee nililolipata kamili, nalo halina faida kwa mtu.

Susu alifariki mwaka juzi. Mwaka huu, katika duka la kukodisha kanda za video Buruburu, niliona picha ya meli ile kwenye jalada. Nilichukua kanda ya mwisho, nikaazima mashine kwa rafiki, nikaenda nayo kwa wazazi wangu, nyumba ile ile. Televisheni sasa ni nyingine, ya rangi, na haina harufu yoyote. Kila nyumba katika safu ina yake, kwa hiyo hakuna jirani anayekuja na kiti. Baba ameanza kuota mvi. Alikaa kwenye kochi, si kando ya kabati, akatazama kwa adabu kama mgeni.

Makosa yalikuwa mengi kuliko niliyoyaandika daftarini. Mlango uliokuwa kushoto ulihamia kulia. Kapteni aliyeapa kwamba hana ndugu alikumbatiana na ndugu yake. Halafu, zikiwa zimebaki dakika tano, anga ilipasuka bila sababu, meli ikaingia katika tundu hilo, ikatokea upande wa pili juu ya nyumbani kwao. Watu walikuwa wamesimama uwanjani wakiwangoja, wake kwa waume, hakuna aliyezeeka. Ile miaka mia nne haikutajwa hata na mtu mmoja.

"Wamefika?" Baba akauliza.

"Wamefika."

"Si ulisema hawawezi?"

Nilitafuta jibu kama alivyokuwa akitafuta yeye, papo hapo, bila kupunguza mwendo. Nikasema, "Nilihesabu vibaya, Baba. Ilikuwa miaka myepesi."

Alinitazama. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililoniacha bila pa kushika.

"Ni ya mwanga, Mwaitu," akasema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."