Mwalimu Aliyeiamini Semina

Pale shuleni, kazi isiyotakiwa na mtu hupewa aliyekosa kikao. Ndivyo Mwalimu Desimali alivyotwishwa haki za binadamu. Anafundisha hesabu, na wanafunzi walimbandika jina hilo kwa sababu alama zake huenda mpaka nukta. Siku ya kikao alikuwa amempeleka mwanawe kung'olewa jino. Aliporudi akapewa hongera: yeye ndiye mlezi wa Klabu ya Haki, na semina inamsubiri.

Wenzake wakampa mawaidha ya wazoefu: kaa karibu na feni, usiulize swali chakula kikikaribia. Hakuna aliyemwambia asisikilize, maana walidhani mtu mzima hilo analijua. Desimali akasikiliza. Vibaya zaidi, akaamini.

Alirudi na cheti, na mwalimu mkuu akakitundika ofisini juu ya fimbo zake. Kwa klabu yenyewe alitaka vitu viwili tu: shairi la kuwasomea wafadhili siku ya uzinduzi, na ubao getini ulioandikwa "Kila Mtoto Ana Haki ya Kusoma". Rangi ya ubao haijakauka vizuri, mtoto akafukuzwa.

Mtoto mwenyewe ni binti wa mama mmoja fundi cherehani, yuko darasa la tano. Wanamwita Spika, kwa sababu hata akinong'ona anasikika jikoni. Ana kifafa. Alianguka mstarini asubuhi, wenzake wakatimka, mwalimu wa zamu akapanda juu ya benchi kama kaona nyoka. Mkuu akamwita mama mtu na kumweleza, kwa ule upole wa ofisini unaokera kuliko tusi, kwamba mtoto akae nyumbani mpaka apone. Apone! Kana kwamba ni mafua. Mama akasema dawa anameza na daktari amemruhusu kusoma. Mkuu akajibu kwamba yeye anawafikiria watoto wengine.

Desimali aliposikia aliingia ofisini bila hodi. Mkuu akamtuliza: klabu ni ya kufundisha haki, mwalimu, si ya kuzidai. Maneno hayo yalitoka kwa mtu mwenye shahada, mzima wa afya, ameshakunywa chai.

Nyumbani Desimali alimsimulia mumewe, fundi friji, naye akacheka mpaka bisibisi ikamponyoka.

"Mama watoto, wenzako wanarudi semina na mikoba. Wewe umerudi na kesi."

"Cheka. Angekuwa wako je?"

Mume akaacha kucheka.

Kesho yake Desimali akamwarifu mkuu kwamba bila Spika hakuna shairi. Hakudanganya: kipaza sauti cha shule kilishakufa, na hakukuwa na koo jingine la kufika mwisho wa uwanja. Mkuu akakuna kidevu, akakubali. Aje siku hiyo, asome, apigwe picha, arudi kwao. Yaani haki ya mtoto iazimwe kama viti vya harusi, wageni wakiondoka irudishwe.

Desimali akameza hasira, akaingia darasa la tano na kufunga kitabu cha hesabu. Akawafundisha watoto mwenzao akianguka wafanye nini: sogezeni madawati, wekeni sweta chini ya kichwa, mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, kaeni naye, mwiteni mwalimu. Wakafanya mazoezi kwa zamu. Kila mmoja alitaka kuwa mgonjwa, na wengine waliugua kwa mbwembwe hata ikabidi wakatazwe kutoa wosia.

Siku ya uzinduzi Spika alisoma, hema likatetemeka, wageni wakapiga makofi. Mlezi akaombwa neno.

"Mtoto huyu ana kifafa," alisema Desimali. "Leo mkuu wetu amemruhusu kuja. Namwomba awaambie wageni kama na kesho atamruhusu."

Mkuu akasimama, akashika tai yake kama anayetafuta pa kujishikilia. "Kesho na siku zote," akasema. Makofi tena, na mama fundi cherehani akapiga kuliko wote.

Nyuma ya hema mkuu alimwambia Desimali kwamba amemvua nguo mbele za watu, na kwamba uhamisho upo. Desimali akajibu kwamba hata huko aendako kuna watoto.

Wiki hiyohiyo Spika alianguka tena, katikati ya somo la sehemu. Madawati yakasogezwa, sweta likawekwa, akalazwa ubavu. Mkuu alisikia vishindo akaja mbio, akisema mtoto atolewe, apelekwe kwao, yeye alijua tu. Mlangoni akakutana na kisichana kifupi kuliko wote darasani, mikono kiunoni.

"Shikamoo mwalimu. Usiingie, unamzibia hewa."

Mkuu akamtazama Desimali, aliyepiga magoti kando ya Spika na wala hakuinua kichwa. Akawatazama watoto, waliokuwa wakimtazama yeye.

Akasogea pembeni. Na shahada yake na tai yake, akasogea.